Kabla ya Kuuliza Bei ya Nyumba Kule Kupro, Uliza Ilikuwa ya Nani

Tangu nirudi Bukavu, hakuna mwezi unapita bila mwanafunzi kuniuliza juu ya Kupro, kile kisiwa cha Mediterania tunachokiita Chypre. Zamani walikuwa wanauliza juu ya masomo. Siku hizi swali limebadilika: "Yaya, ni kweli mtu anaweza kununua apartema kule, akalipa pole pole, na nyumba ikamletea franga kila mwezi?" Jibu ni refu kidogo, njo maana ninaliandika hapa mara moja kwa wote.

Nilikaa miaka mine Famagusta, upande wa kaskazini. Hilo neno "kaskazini" tulielewe kwanza, juu kila kitu kinatoka pale.

Kupro ilipata uhuru toka kwa Waingereza mwaka 1960. Ina jamii mbili kubwa: Wakupro wa Kigiriki, ambao ndio wengi, na Wakupro wa Kituruki. Tarehe 15 Julai 1974, wanajeshi waliotaka kuunganisha kisiwa na Ugiriki walipindua serikali. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likaingia, na kufika mwezi wa nane lilikuwa limeshika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 160,000 wakakimbilia kusini. Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza kuwa nchi, lakini mpaka leo ni Uturuki peke yake inayoitambua. Jamhuri ya Kupro, ambayo serikali yake iko kusini, iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Kwa sheria kisiwa chote ni Ulaya, lakini sheria za Ulaya zimesimamishwa kule kaskazini.

Sasa jiulize: nyumba na mashamba ya wale 160,000 vilienda wapi? Hilo swali sikujiuliza hata siku moja mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na shida zangu. Mwenye nyumba alitaka kodi kwa pauni za Uingereza, na dukani wanauza kwa lira ya Uturuki, ambayo bei zake zinapanda kila mara. Baridi ya mwezi wa kwanza inaingia mpaka kwenye godoro, juu nyumba nyingi hazina joto la ndani. Magari yanapita kushoto, kama kwa Waingereza, na wiki ya kwanza karibu nigongwe.

Mwaka wa tatu, ndugu mmoja wa kwetu ambaye alikuwa ameacha masomo akawa komisyonere wa nyumba akanifuata. "Mukubwa," akaniambia, "niko na studio Iskele, karibu na bahari. Pauni 55,000. Unatoa kidogo kwanza, inabaki unalipa kila mwezi. Ukileta mteja, na wewe unakula komisyo."

Nilimfikiria mama mudogo mara moja. Anauza vitenge Kadutu, na alikuwa ameweka dola kwa miaka kumi na mbili. Benki alikuwa haiamini, na parseli za Bukavu alikuwa anaziogopa, juu alishaona parseli moja ikiuzwa kwa watu watatu. Nilimpigia simu. Akafurahi mpaka akalia. "Mwanangu, nyumba Ulaya! Fanya haraka."

Kilichonizuia alikuwa mwenye nyumba wangu, mzee Mturuki wa Kupro. Nilienda kumlipa kodi, nikamwambia nataka kununua Iskele. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Kochani ni ya aina gani?" Kochani ni hati ya umiliki, kama sertifika kwetu. Nikamwambia sijui. Akanikalisha chini.

Alinieleza kwamba yeye ni mzaliwa wa Paphos, kusini. Mwaka 1975 alihamishwa na wazazi, wakaacha nyumba na mizeituni. Kaskazini serikali ya kule iliwahesabia mali waliyoacha, ikawapa pointi, na kwa hizo pointi wakapata nyumba ya Mgiriki aliyekimbia. "Hii tunayokaa ndani," akasema, "mimi niko na karatasi yake. Lakini kuna mzee mwingine Limassol ambaye na yeye ana karatasi yake." Hakusema kwa aibu wala kwa kiburi. Alisema tu kama mtu anayesoma hesabu.

Toka siku ile nilianza kusoma. Kwa kifupi, kaskazini kuna hati za aina tatu ambazo lazima uzijue.

Ya kwanza ni hati ya Kituruki ya zamani: mali iliyokuwa ya Mturuki, au ya mgeni, kabla ya 1974. Hiyo haina mtu mwingine nyuma yake, na bei yake huwa juu.

Ya pili inaitwa eşdeğer, maana yake "yenye thamani sawa". Ni ile aliyopewa Mturuki kwa kubadilisha na mali aliyoacha kusini. Kaskazini ni hati kamili. Lakini Jamhuri ya Kupro inasema mwenye ardhi ni bado yule Mgiriki.

Ya tatu ni tahsis: ardhi iliyogawiwa na serikali ya kaskazini kwa watu, wakiwemo waliotoka Uturuki. Hiyo ndiyo dhaifu zaidi.

Studio ya Iskele ilikuwa eşdeğer. Kabla ya 1974 mji ule ulikuwa unaitwa Trikomo, na wakaaji wake walikuwa Wagiriki.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya wazee, mahakama gani itanifuata? Wandugu, zimeshafuata watu. Mwaka 1996, katika kesi ya Loizidou dhidi ya Uturuki, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba mama aliyezuiwa kufikia viwanja vyake Kyrenia tangu 1974 ni bado mwenye navyo. Uturuki ikamlipa fidia mwaka 2003. Kisha wanandoa wa Uingereza walijenga villa Lapithos, kwenye ardhi ya Mgiriki mmoja. Mahakama ya Nicosia ikawaamuru wabomoe, warudishe ardhi na walipe. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hukumu ile inatekelezwa hata nje ya Kupro, na mwaka 2010 mahakama ya Uingereza ikaikubali. Maana yake ni kwamba hata mali yao ya Uingereza ilikuwa hatarini.

Na kuna jinai. Tangu 2006, sheria ya Jamhuri ya Kupro inaweka kifungo mpaka miaka 7 kwa anayeuza, anayenunua, anayepangisha au hata anayetangaza mali ya mtu bila ruhusa yake. Kwa miaka mingi haikuonekana sana. Tangu 2024 imeamka: polisi wamekamata wajenzi na mawakala wa mali za kaskazini walipopita upande wa kusini, na wengine wamefungwa. Soma tena neno "anayetangaza". Ile komisyo niliyoahidiwa ingenifanya mimi, mwanafunzi wa Bukavu, kuwa mmoja wao.

Kwa kusema haki, kuna upande wa pili. Kaskazini kuna tume ya mali iliyoanza kazi mwaka 2006, ambapo Mgiriki anaweza kuomba alipwe, abadilishiwe, au arudishiwe. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubali kuwa njia halali, na ikasema kwamba baada ya miaka mingi hata anayeishi mule sasa ana haki zake za kuangaliwa. Njo maana wauzaji wanasema mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kesi moja moja zinaisha. Shida yenyewe inangojea mkataba wa amani, na mkataba haujapatikana.

Halafu kuna jambo ambalo komisyonere hasemi: nyumba ya kaskazini haikupi Ulaya. Ndege za kule zinapitia Uturuki, na kusini wanahesabu kwamba umeingia kwa mlango usioruhusiwa. Unaweza kuwa na apartema ya baharini na usiweze kuvuka mtaa mmoja wa Nicosia kwenda upande wa pili. Mgeni anahitaji pia ruhusa ya baraza la mawaziri la kaskazini ndipo hati iandikwe kwa jina lake. Kabla ya hapo, ulicho nacho ni mkataba na mjenzi, basi.

Kusini hati ni safi zaidi, na mkataba wa kununua unaweza kuwekwa kwenye ofisi ya ardhi ili mjenzi asiuze mara mbili. Lakini wale wanaotafuta ukaazi wa kudumu kwa njia ya nyumba wanaombwa kuwekeza kuanzia euro 300,000. Na ile njia ya kununua uraia ilifungwa mwaka 2020. Anayekuambia bado iko, anakudanganya.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kununua aulize hivi, kwa mpangilio huu. Kabla ya 1974 ardhi ilikuwa ya nani? Kochani ni ya aina gani, na nimeiona mimi mwenyewe au nimeonyeshwa picha? Avoka wangu analipwa na mimi, ama na mjenzi? Ruhusa ikikataliwa, franga zangu zinarudi vipi? Muuzaji akikasirika juu ya swali la kwanza, una jibu lako.

Nilimpigia mama mudogo, nikamwambia hapana. Nilifikiri sheria ndiyo itamfanya aelewe. Haikumfanya. Alisema: "Kila mtu ananunua, ni wewe tu unaogopa." Nikamkumbusha mwaka 1973, wakati Mobutu alipotangaza zairianisation. Maduka ya Wagiriki, ya Wareno na ya wageni wengine yalichukuliwa, yakapewa wenye kupendelewa na utawala. Baba yake alikuwa karani katika duka moja kama hilo. Alikuwa anatuambia namna Mgiriki yule alivyotoka na valizi moja, na namna mwenyeji mpya alivyomaliza stoki akafunga mlango. "Mama mudogo," nikamuuliza, "kama mtu angekuuzia lile duka, ungelala vizuri mule?"

Hakujibu. Alikaa miezi mitatu bila kuniongelesha. Komisyonere naye alinitoa kwenye simu yake.

Leo zile dola bado ziko. Tunatafuta naye parseli hapa Bukavu, pole pole. Kila tukipelekwa mahali, ni yeye mwenyewe anayemgeukia muuzaji kwanza: "Kabla yako, hapa palikuwa kwa nani?"