Aonyeshwe Ukurasa, Asipewe Daftari

Mnunuzi wa kahawa wa Ulaya siku hizi haulizi ladha na daraja tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2023, inamtaka ajue kahawa imetoka shamba gani, na kwamba msitu haukufyekwa kupisha shamba hilo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake uliahirishwa mara mbili, mara ya pili hadi Desemba 2026. Kwa mji wa Moshi, makao ya KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933, hilo si jambo la mbali.

Tuchukulie vyama vya msingi vya Machame, Kibosho na Marangu vimeamua kuweka kumbukumbu zao katika blokucheni ya faragha. Hili ni daftari la kompyuta ambalo kila chama kina nakala yake, na kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia, mfano wa alama ya kidole. Ukichezea kilo za jana, alama za leo zinakataa. Mtu wa nje hana ufunguo. Sasa mnunuzi wa Hamburg aonyeshwe nini?

Wapo watakaosema apewe ufunguo, yaishe. La hasha! Atasoma pia bei waliyolipwa majirani, madeni ya pembejeo na kiasi kilichobaki ghalani, kisha aje kupatana bei akiwa ameshaona karata zetu zote.

Apewe ukurasa unaohusu magunia yake, pamoja na alama chache zinazouunganisha na daftari zima, na alama kuu iliyotiwa saini na vyama vyote. Kompyuta yake itakokotoa yenyewe na kuthibitisha kuwa ukurasa ni halali, bila kufungua mwingine. Mahali lilipo shamba ni lazima apajue. Kwa kihamba kisichozidi hekta 4, nukta moja ya ramani inatosha. Jina la mkulima na simu yake ni vya nini?

Majina yasiingie daftarini kabisa. Kilichoandikwa humo hakifutiki, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Yakae ofisini kwa chama. Daftarini iwekwe alama tu. Hata hapo upo mtego: namba ya simu ni fupi, na kompyuta yaweza kujaribu namba zote za nchi hadi alama ilingane. Ndiyo maana mafundi huichanganya kwanza na tarakimu za kubahatisha, ambazo wenyewe huziita chumvi. Chumvi hiyo katibu aifungie mbali na daftari, wala asimpe mnunuzi.