Hifadhi Mbegu za Ngogwe, Upate Mboga Kiangazi



Kiangazi kimoja mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati. Tulimpima. Uzito wake ulikuwa haujaongezeka kwa miezi miwili. Nilimwuliza, "Mama, mtoto anakula nini?" Alijibu, "Ugali na chumvi, mwanangu. Mboga nitaipata wapi kwa jua hili?"

Swali lake ni la kweli. Leo tulijibu pamoja.

Jibu moja ni ngogwe. Wengine huziita nyanya chungu. Bibi zetu walizipanda nyuma ya nyumba. Hawakununua mbegu. Walizitoa katika bustani zao wenyewe. Siku hizi wengi wetu tunangoja mbegu za dukani. Fedha ikikosekana, bustani hukaa tupu.

Jinsi ya kupata mbegu

Chagua mche wenye afya na unaozaa sana. Ufunge kitambaa, ili watoto wasichume matunda yake. Acha matunda yaive mpaka yawe mekundu na laini. Yapasue, kamua mbegu ndani ya maji. Mbegu nzuri huzama. Zinazoelea zitupe. Anika mbegu kivulini juu ya kitambaa, si juu ya bati la moto. Zikikauka kabisa, zitie katika chupa kavu yenye kifuniko.

Usitoe mbegu katika matunda ya mbegu chotara. Miche yake haitafanana na ule wa kwanza.

Jinsi ya kupanda

Sia mbegu kitaluni mvua zinapokaribia kwisha. Baada ya wiki 4 hadi 6, hamisha miche. Tia samadi iliyooza katika kila shimo. Acha nafasi ya hatua moja kati ya mche na mche. Usipande mahali palipokuwa na nyanya, pilipili au biringanya, kwa sababu magonjwa yao ni yale yale. Weka majani makavu kuzunguka shina, ili udongo usikauke upesi. Mwagilia kwa maji uliyooshea mboga. Chuma mara kwa mara. Ukichuma, mche huendelea kuzaa.

Jinsi ya kula

Ngogwe zina maji mengi. Peke yake hazimjengi mtoto. Zipike pamoja na maharage, karanga au dagaa. Ongeza mchicha au majani ya maboga. Usimwage maji uliyopikia.

Na mtoto asipoongezeka uzito, usingoje bustani. Mlete zahanati. Huenda ana malaria, minyoo au ugonjwa mwingine.

Yule mama alipewa mbegu na jirani yake, kiasi cha kijiko kimoja. Nawe, ukiwa nazo, mgawie jirani. Mbegu zako zikiharibika, utazikuta kwake. Wazee walisema: akiba haiozi.