Mswaki wa Mti au Dawa ya Kusukutua?

Pitisha ulimi juu ya meno yako. Ukihisi utelezi, huo ni ukoga, yaani utando wa bakteria. Usipoondolewa hugeuka kuwa ugaga mgumu, ufizi huvimba na kutoa damu, na mwishowe meno hulegea.

Je, utumie nini? Kijiti cha mti wa mswaki, kinachotumika sana Pwani na Kaskazini Mashariki, husugua ukoga, na utomvu wake hupunguza bakteria. Tafuna ncha hadi iwe kama brashi, sugua taratibu kila upande, kisha ukate ncha iliyochakaa.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini huua bakteria kwa nguvu zaidi. Lakini ikitumiwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuharibu ladha ya chakula. Itumie kwa siku ulizopangiwa na daktari tu. Maji ya chumvi nayo hutuliza ufizi, hayaondoi ukoga.

Kumbuka, kusukutua hakuchukui nafasi ya kusugua. Uwe na kijiti au brashi, sugua asubuhi na usiku, ukitumia dawa ya meno yenye floridi. Ufizi ukizidi kutoa damu, nenda kituo cha afya. Usingoje jino litikisike.