Imani Haikimbii Kipimo

Kuna swali ambalo halikosi kuzuka katika mikutano ya Muungano wa Wakristo, na hata mabwenini baada ya taa kuzimwa. Swali lenyewe ni hili: Mkristo akiombewa apone, kisha ameze dawa, je, huko si kumshuku Mungu? Wapo wanaoshikilia kwamba mwenye imani thabiti hatii mguu hospitalini. Mimi nasema la hasha, na ningependa kueleza sababu zangu. Mada hii si ya mzaha, kwa maana jibu baya laweza kumpeleka mtu kaburini kabla ya siku zake.

Kwanza tutazame hapa kwetu Meru. Hospitali ya Methodist ya Maua ina historia inayoanzia mwaka wa 1928, na walioianzisha walikuwa watu wa kanisa. Ukishuka hadi Chogoria utakuta hospitali ya Kanisa la Presbyterian, ambayo chanzo chake ni kazi ya Daktari Archibald Irvine, aliyefika huko mwaka wa 1922. Kule Nkubu nako kuna hospitali ya Consolata ya Wakatoliki. Makanisa haya matatu hayakubaliani katika mambo mengi ya ibada, lakini katika jambo hili yalikubaliana bila mkutano: yalihubiri na pia yakatibu. Hebu fikiria, kama dawa ingekuwa adui wa imani, kanisa lingejisumbua kuijengea nyumba?

Pili, tuifungue Biblia yenyewe. Luka, rafiki wa Paulo, anatajwa kuwa tabibu, na hakuna mahali anapoambiwa aiache kazi hiyo. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Msamaria mwema naye alimfunga majeruhi vidonda vyake kwa mafuta na divai, kisha akamlipia mahali pa kulala.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni kile cha wakoma kumi katika Injili ya Luka. Yesu aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakatakasika wakiwa njiani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyemkagua mtu na kuamua kama ukoma umemtoka au la. Basi hata Mponyaji mwenyewe hakuogopa kazi yake ikaguliwe! Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu: uponyaji wa kweli haukimbii kipimo. Anayekuambia, "Umepona, tupa dawa, usiende kupimwa," anakataza jambo ambalo Yesu hakulikataza.

Mtauliza, kwani mgonjwa mwenyewe hajui kama amepona? Jamani, mara nyingi hajui. Chukua kifua kikuu. Mgonjwa akianza dawa, baada ya majuma machache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mwili huanza kunawiri. Hata hivyo bado kuna vijidudu hai mapafuni, ndiyo maana matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6. Akiacha mwezi wa pili kwa kuwa anajisikia vizuri, ugonjwa unaweza kurudi, tena ukiwa sugu, na anaweza kuwaambukiza wa nyumbani mwake.

Virusi vya UKIMWI navyo vina hila yao. Mtu akimeza dawa ipasavyo, virusi hupungua hadi kipimo cha wingi wa virusi kisiweze kuviona. Lakini havijaisha, vimejificha ndani ya chembe za mwili. Dawa zikiachwa huongezeka tena, aghalabu katika muda wa majuma machache. Presha nayo huweza kupanda bila kichwa kuuma hata kidogo. Na kijana mwenye kisukari cha kutegemea insulini, akiiacha, anaweza kufikia hali ya kufa katika siku chache tu. Kwa hivyo kujisikia vizuri ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini si cheti cha kupona.

Majirani zetu Watanzania waliliona jambo hili wazi mwaka wa 2011. Katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mti. Watu walimwita Babu wa Loliondo. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500 za Tanzania, na kilisemekana kuponya UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika, wakiwemo Wakenya, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wengine walitolewa vitandani hospitalini wapelekwe huko, na wako waliofia njiani au kwenye foleni. Mzee huyo alifariki Julai 2021, na mpaka leo hakuna uchunguzi wa kisayansi uliothibitisha kwamba kikombe kile kilimwondolea mtu virusi vya UKIMWI. Siwacheki waliokwenda. Mwenye maumivu hachagui njia. Ila kupimwa kabla na baada kungewaokoa wengi walioacha dawa zao.

Karibu nasi zaidi, pande za Tharaka na Mwingi, kuna dhehebu la Kavonokya, ambalo wafuasi wake hukataa dawa za hospitali kwa sababu ya imani. Mara kadhaa wakuu wa serikali wamelazimika kuingilia kati ili watoto wapate chanjo au matibabu. Hapa lazima tutofautishe. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini. Lakini kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kupata matibabu. Mtu mzima anaweza kujiamulia mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hajachagua dhehebu lolote.

Sasa, je, nasema tuache kuombea wagonjwa? Hata kidogo! Nyanya yangu huomba kila jioni, kisha humeza tembe yake ya presha kwa maji ya uvuguvugu, na sijamwona akiona ugumu wowote. Mimi pia naamini Mungu anaweza kuponya bila dawa. Akifanya hivyo, daktari atapima na kuona, na yeye ndiye atakayepunguza au kusimamisha dawa. Hapo ushuhuda utakuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa una ushahidi.

Tena maombi yana kazi ambayo tembe haiwezi kufanya: humwondolea mgonjwa upweke, humpa subira, na humsaidia hata pale ambapo dawa zimeshindwa. Jambo baya ni kumwambia aliyelala kitandani kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni haba. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na haukuondolewa. Nani atamwambia Paulo kuwa hakuwa na imani?

Basi, wenzangu, tukiwa likizoni na kukawa na mgonjwa nyumbani, tufanye hivi. Tumwombee. Tumsindikize kliniki siku yake ikifika. Tukisikia anataka kuacha dawa kwa kuwa ameombewa, tumsihi kwa upole aende akapimwe kwanza. Na ikiwa mgonjwa ni mtoto anayenyimwa matibabu, tusinyamaze. Tumweleze mwalimu, chifu au mhudumu wa afya wa kijijini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza: aliyeponywa na Mungu hana la kuficha.