Siku Tatu za Mwisho Katika Mji wa Istanbul

Msafiri akirudi kwetu husimulia zaidi siku ya kufika: jinsi uwanja wa ndege ulivyo mkubwa, jinsi baridi ilivyompiga, na jinsi alivyopotea njia. Siku za mwisho hazisimuliwi sana, maana mara nyingi huliwa na kufunga mizigo. Mimi nataka kuwaeleza siku tatu za mwisho nilizokaa Istanbul, nchini Uturuki, mwezi wa Desemba 2024, na jinsi tulivyojifunza kuzitumia baada ya kukosea.

Nilikwenda na mjomba wangu, mwenye duka la nguo Kariakoo. Yeye hununua bidhaa zake Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla ambako wafanyabiashara wa nchi nyingi hukutana. Hiyo ilikuwa safari yake ya tisa, na alikwisha sema ndiyo ya mwisho, kwa kuwa magoti yamemchosha na ngazi za maduka yale hazina huruma. Kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko na kuandika hesabu. Usiku mmoja nikamwuliza kama amepata kuingia katika jengo mashuhuri la Hagia Sophia. Akanijibu, "Minara yake naijua sana, naiona nikiwa ndani ya tramu." Safari nane, na hajapata kushuka!

Sababu yake ni hii. Katika kila safari alijiwekea siku za mwisho za kutembea, na katika kila safari siku hizo alizitumia kuongeza mzigo. Mara moja nusura aachwe na ndege, kwa maana uwanja mpya, uliofunguliwa mwaka 2018, uko upande wa Bahari Nyeusi, kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji, na jioni barabara hujaa magari. Kwa hiyo safari hii tulipatana mapema. Mizigo yote ikakabidhiwa kwa wakala siku ya Jumamosi, stakabadhi zikahakikiwa, na nauli ya basi la uwanja wa ndege ikatiwa katika bahasha isiyofunguliwa kwa shida yoyote. Ndege yetu ilikuwa ya usiku wa Jumanne. Mtu mwenye shughuli iliyobaki nusu hata akisimama mbele ya jumba la dhahabu huona shughuli yake tu.

Jumapili mimi ndiye niliyeshika usukani, nami nikaharibu. Nilikuwa nimeandika mahali sita pa kutazamwa kabla ya Magharibi. Tulianza na lile Soko Kuu lenye paa, lililoanzishwa baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji mwaka 1453, tukakuta milango imefungwa. Soko lile hufungwa kila Jumapili, na karani mzima wa hesabu hakuuliza. Tukakimbilia Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita. Tukatoka upesi. Kwa kweli kitu ninachokikumbuka humo ni viatu vyangu, nilivyokuwa nikihofia kuibiwa.

Mjomba ndiye aliyenisimamisha. Adhuhuri ilipoingia alikwenda kusali Hagia Sophia. Watalii wa kigeni tangu Januari 2024 hulipa Euro 25, nao hupitishwa ghorofani, lakini wanaokwenda kusali huingia chini bila malipo. Jengo hilo lilijengwa na Kaisari Justinian kati ya mwaka 532 na 537 liwe kanisa. Likawa msikiti mwaka 1453, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 1935, na mwaka 2020 likawa msikiti tena. Kuba lake liko karibu mita 55 juu ya sakafu. Baada ya sala mjomba hakuinuka. Nilimgusa bega kumkumbusha orodha yangu, akasema, "Orodha yako na iende peke yake." Tukakaa hapo karibu saa nzima, na hilo ndilo jengo pekee la siku ile ninaloweza kukuchorea leo.

Jumatatu tulifanya jambo moja tu. Tulikwenda gatini Eminönü tukapanda kivuko cha kwenda Üsküdar. Mji huu, kama mjuavyo, umekaa juu ya mabara mawili, na mlango wa bahari wa Bosphorus umepita katikati. Mahali palipo pembamba zaidi hapazidi sana mita 700. Yako madaraja matatu, la kwanza la mwaka 1973, na tangu 2013 iko reli ipitayo chini ya bahari. Hata hivyo watu wengi wangali wakipenda kivuko. Nauli ni ndogo, hulipwa kwa kadi ile ile ya tramu, na katika muda wa kama dakika 20 umetoka Ulaya umefika Asia! Abiria hununua simit, mkate wa duara wenye ufuta, nao huwarushia vipande ndege weupe wa baharini wanaofuatana na chombo. Mjomba, aliyezaliwa Kigamboni akakulia kwenye pantoni, alitazama jinsi nahodha alivyokiegesha kivuko akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ng'ambo tuliketi ufukoni, mbele ya Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama juu ya mwamba baharini. Kijana mmoja alituletea chai katika bilauri ndogo zenye kiuno chembamba. "Merhaba," akamwambia mjomba. Hapa sina budi kueleza kidogo. Neno hilo kwa Kituruki ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu, nalo ni ndugu wa marahaba yetu, maana yote mawili yametoka katika Kiarabu. Siku kumi nzima mjomba aliudhika kimoyomoyo kwamba vijana wa Laleli wanamwitikia shikamoo ambayo hakuwapa! Siku ile ndipo nilipopata nafasi ya kumweleza. Alicheka mpaka akamwaga chai. Tukaanza kuhesabu maneno mengine tuliyoyasikia: kitap, sabun, hesap, saat, haber, dükkân. Siku kumi yalipita masikioni mwetu, wala hatukuyatambua, kwa kuwa tulikuwa tukisikiliza bei.

Jumanne asubuhi nilijisahau tena, nikapendekeza jumba la masultani la Topkapı. Tukafika mlangoni: limefungwa. Jumba hilo hufungwa kila Jumanne. (Ndugu msomaji, ukienda mji wa kigeni uliza siku za kufungwa kabla ya kuuliza kiingilio.) Mjomba hakusikitika hata kidogo. Alisema twende tulikokwenda jana.

Basi tukarudi, nami nikaona faida ya kurudi. Safari ya kwanza nusu ya akili yako imeshika kadi, mfuko na njia; ya pili akili yote ni yako. Jana sikuona kwamba meli kubwa za mizigo hupita zikitoka Bahari Nyeusi, wala kwamba kutoka pale jumba la Topkapı, tulilofungiwa mlango, huonekana lote ng'ambo ya maji. Yule kijana alituona kwa mbali akaleta chai mbili kabla hatujaagiza. "Merhaba," akasema. "Marahaba, mwanangu," mjomba akajibu, naye akaitikia kwa kichwa.

Sarafu hazibadilishwi katika maduka ya fedha, kwa hiyo tulizimaliza kwa simit na chai. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa ndani ya basi, na bahasha ya nauli ikafunguliwa. Mjomba akaniuliza kivuko cha kwanza huondoka saa ngapi asubuhi. Nikamkumbusha kwamba alisema hii ni safari yake ya mwisho. Hakunijibu; alikuwa akiifuta kadi ya tramu kwa leso, kisha akaitia mfukoni.