Umri wa Msumeno Uko Kwenye Tupa

Kwenye bonde la Mto Tana, msumeno wa mkono haujastaafu. Mji wa Garsen uko kwenye njia panda, barabara ya Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile inayopanda Hola na Garissa, na mwenye haraka anaweza kutafuta huko mbao iliyopasuliwa kwa mashine. Ukiacha lami ukateremka kwenye vijiji vya Wapokomo vilivyo kando ya mto, au ukafuata maji hadi Kipini yanakoingia Bahari Hindi, utamkuta seremala ambaye mkono wake ndio injini. Fremu ya mlango, kitanda, benchi, kiraka cha mtumbwi: vyote hupitia msumenoni. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara ya Garsen hadi Lamu, kila mtu alikumbushwa kwamba kinachotegemea petroli husimama lori lisipopita. Msumeno hauulizi petroli.

Unachouliza ni makali, na makali huja na tupa. Hiki ni kifaa kidogo ambacho wengi hukinunua bila kukitazama mara mbili, ilhali ndicho kinachoamua kama msumeno utarithiwa na mtoto au utatupwa mwakani. Tupa mbovu huharibu msumeno mzuri, na tupa nzuri huufufua msumeno uliokwisha kukatiwa tamaa. Habari njema ni kwamba tupa nzuri hutambulika pale pale dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Anachohitaji mnunuzi ni kuielewa sayansi yake.

Kinachoua makali

Mbao ni laini kuliko chuma. Kwa nini basi msumeno huwa butu? Jibu moja liko ndani ya mto wenyewe. Tana huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare ikibeba udongo na mchanga, na kila inapofurika huacha mzigo huo mashambani, kwenye maganda ya miti na katika nyufa za magogo. Sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatsi. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho hupanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kwatsi iko kwenye 7, juu ya chuma cha msumeno wa kawaida. Kila punje inayokutana na jino hulikwangua. Ndiyo maana gogo lililokaa mtoni linafaa kumenywa ganda na kusuguliwa kwa maji safi kabla ya kuguswa na msumeno.

Jibu la pili limo ndani ya mti. Mikoma inayosimama kwa wingi kandokando ya Tana, pamoja na mivumo na minazi, hunyonya silika iliyoyeyuka katika maji ya udongo na kuigandisha ndani ya mwili wake kama chembe ndogo ngumu zilizolala kando ya nyuzi. Anayekata shina la mkoma anakata mti na changarawe isiyoonekana kwa macho.

Kisha kuna mathenge. Mti huu ulipandwa Hola na Bura katika miaka ya 1980 ili kuwapa watu kuni na kuzuia jangwa, nao ukaenea hadi serikali ikautangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008. Mbao yake ni nzito na imeshikana sana, nzuri kwa nguzo na samani, lakini huyachosha meno upesi. Fundi wa Tana, kwa hiyo, hunoa mara nyingi kuliko fundi anayekata msonobari wa nyanda za juu, na kadiri anavyonoa ndivyo uamuzi wake kuhusu tupa unavyozidi kuwa na uzito.

Pembe tatu, nyuzi 60

Tupa ya msumeno ina pande tatu zilizo sawa, na kila pembe yake ni nyuzi 60. Umbo hilo ndilo linaloyachora meno. Tupa inaposhuka katikati ya meno mawili, upande wake mmoja huchonga mgongo wa jino lililo mbele na upande mwingine huchonga uso wa jino lililo nyuma. Kwa kuwa pembe ya tupa haibadiliki, fundi hawezi kukosea pembe ya bonde kati ya meno. Anachobadilisha ni mlalo wa tupa tu.

Kwa msumeno wa kupasulia, unaofuata urefu wa nyuzi za mti, uso wa jino husimama karibu wima na tupa hupita moja kwa moja kukata bamba kwa nyuzi 90. Kila jino huwa patasi ndogo inayochimba. Kwa msumeno wa kukatia, unaopita kukingama nyuzi, uso wa jino hulazwa nyuma kiasi cha nyuzi 15, na tupa hugeuzwa pembeni nyuzi kama 20, ili kila jino liwe na ncha ya kisu inayochana nyuzi kabla ya kuziondoa. Tupa ni ile ile. Mkono ndio unaotofautisha.

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa watu wawili wa kuangushia miti hufanya hivyo kweli, kwa sababu meno yake yana sura moja pande zote mbili. Msumeno wa seremala hukata unaposukumwa, na tupa nayo hukata ikienda mbele tu. Mikato iliyo juu ya tupa imeinamia mbele; ukiiburuta kurudi nyuma ikiwa imegandamizwa, ncha zake humeguka. Sukuma, inua, rudisha, sukuma tena. Fundi anayefuata mwendo huo hupata kazi nyingi zaidi kutoka kwenye tupa ile ile.

Ukubwa: hesabu ndogo yenye faida kubwa

Kosa linalokula tupa nyingi ni la ukubwa. Tupa ya pembe tatu ina kingo tatu na nyuso tatu, na kila uso unashirikiwa na kingo mbili. Ukiutumia ukingo wa kwanza, jino husugua nusu ya uso. Ukigeukia ukingo wa pili, jino husugua nusu iliyobaki. Jino likiwa refu kupita nusu ya uso, utepe wa katikati hutumika mara mbili na kuisha kabla ya sehemu nyingine. Kanuni basi ni hii: uso wa tupa uwe na upana mara mbili ya urefu wa mgongo wa jino, au uzidi kidogo.

Tuipime. Msumeno wa kupasulia wenye meno 5 kwa inchi una milimita 5 hivi kutoka ncha hadi ncha. Uso wa jino ukiwa wima, mgongo wake huwa na urefu wa karibu milimita 6, hivyo tupa inayoufaa ina uso wa milimita 12 au zaidi kidogo. Msumeno wenye meno 10 kwa inchi una mgongo wa karibu milimita 3, na tupa yake iwe na uso wa milimita 6 au 7.

Kwa nini basi usinunue tupa kubwa moja ikatosha kwa misumeno yote? Kwa sababu tupa inapokuwa kubwa, ukingo wake nao huwa mnene. Ukingo mnene ukiingia kwenye meno madogo huacha bonde bapa lisilo na kina, na unga wa mbao hukosa pa kukaa. Msumeno hujaa, hupata joto na kukwama, huku mwenyewe akidhani ni butu.

Kumbuka pia kwamba urefu wa tupa unaotajwa dukani kwa inchi hauhesabu mkia unaoingia kwenye mpini. Tena, tupa mbili za urefu mmoja zinaweza kuwa nene na nyembamba, kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Pima uso. Njia rahisi kuliko zote ni kwenda dukani na msumeno wenyewe na kuiweka tupa kwenye meno.

Chuma kinachokata chuma

Tupa hulikwaruza bamba la msumeno kwa sababu moja: ni ngumu kulishinda. Chuma chake kina kaboni ya takriban asilimia 1 hadi 1.3. Hukatwa mikato kikiwa laini, kisha hupashwa moto hadi kuwa chekundu na kutumbukizwa ghafla kwenye maji au maji ya chumvi. Kupoa huko kwa ghafla huinasa kaboni katikati ya atomi za chuma, na matokeo yake ni ugumu unaopita 60 kwenye kipimo cha Rockwell, wakati bamba la msumeno wa asili ambalo lazima lipinde bila kuvunjika liko karibu na 50. Pengo hilo ndilo ajira ya tupa.

Kwa karne nyingi mikato ilipigwa kwa patasi na nyundo, mmoja baada ya mwingine, na mji wa Sheffield huko Uingereza ulijaa watu wa kazi hiyo. Leonardo da Vinci alikwisha kuchora mashine ya kuikata, lakini mashine zilishika kazi kwelikweli katika karne ya 19, na mwaka 1864 kampuni ya Nicholson ilianzishwa Providence, Marekani. Leo mashine zinaweza kutengeneza tupa bora na tupa duni zinazofanana kwa sura. Siri ya tupa duni mara nyingi ni ngozi yake: ikipashwa moto bila kukingwa, oksijeni huichukua kaboni ya juu, na ncha za mikato hubaki laini. Huonekana mpya na hufa baada ya meno machache.

Lipo pia jambo la kinyume. Misumeno mingi ya siku hizi hutoka kiwandani ikiwa na ncha za meno zilizopikwa kwa umeme hadi kukaribia au kufikia ugumu wa tupa. Itambue kwa rangi nyeusi au ya samawati iliyo kwenye ncha. Hukaa na makali muda mrefu, lakini tupa huteleza juu yake na kuharibika. Msumeno wa namna hiyo ukichoka umekwisha. Anayeishi mbali na maduka anafaa kulijua hilo kabla ya kununua, maana wa meno yenye rangi ya chuma mwanzo hadi mwisho utanolewa miaka na miaka.

Mbele ya kaunta

Anza na kingo. Ukingo wa tupa ya msumeno una mikato yake wenyewe na umeviringwa kidogo sana. Uviringo huo si kasoro. Bonde lenye kona kali hukusanya nguvu yote ya kuvuta mahali pamoja na bamba hupasuka kuanzia hapo, kama kitambaa kinavyochanika pale mkasi ulipokiuma. Tupa ya pembe tatu ya mafundi wa vyuma mara nyingi ina kingo kali na mikato inayopishana. Hiyo iachie kazi yake. Ya msumeno ina mistari inayoelekea upande mmoja tu, na huacha uso laini.

Kisha iinue kwenye mwanga uitazame kwa urefu. Iliyopinda wakati wa kutumbukizwa majini haitanyooka tena. Tafuta rangi moja ya kijivu kutoka ncha hadi mkia. Madoa yanayong'aa ni ishara ya mikato iliyolala, na vumbi jekundu ni kutu, ambayo huanza kula ncha kwa sababu ndizo nyembamba zaidi. Mwisho, omba ruhusa upitishe mara moja kwenye jino la msumeno wako lililo karibu na mpini. Tupa nzuri huuma papo hapo na kuacha mng'aro. Ikilia na kuteleza, irudishe kwenye rafu.

Kuitunza

Hewa ya delta ya Tana ina unyevu, na kuelekea Kipini ina chumvi pia. Tupa ifungwe kwa kitambaa kikavu, kila moja peke yake, maana tupa zikigongana huvunjana ncha. Ipake chaki kabla ya kunoa ili vumbi la chuma lisijaze mikato. Msumeno nao ubanwe kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, meno yakichomoza kidogo tu, kwa kuwa bamba linalotetemeka huivunja tupa. Sawazisha kwanza ncha zote kwa tupa bapa, kisha kila bonde lipewe idadi ile ile ya misukumo.

Maarifa haya hayahitaji maabara wala umeme, nayo yanastahili nafasi katika vyuo vya ufundi vya kaunti ya Tana River, wiki ile ile mwanafunzi anapokabidhiwa msumeno wa kwanza. Wenye maduka nao wana sehemu yao: waweke tupa za msumeno za saizi tatu, kubwa, ya kati na nyembamba, badala ya saizi moja kwa kila mteja. Seremala anayelipa zaidi kidogo kwa tupa inayolingana na meno yake ataikuta imebaki sandukuni wakati mwenzake ananunua ya tatu, na mbao zake zitatoka zimenyooka.