Serengeti Boys na Hesabu ya Miaka



Kila timu ya Tanzania inapokutana na ya Afrika Kusini, nyumba zetu hapa Bluff hugawanyika. Wazazi huelekeza dua kulikozikwa vitovu vyao, na watoto huishangilia nchi waliyozaliwa. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Agosti 2016, pale Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana wasiozidi miaka 17, ilipopangiwa Amajimbos wa huku kwetu. Mkondo wa kwanza uliochezwa Afrika Kusini ulikwisha kwa sare ya 1-1. Katika marudiano, uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, Tanzania ilishinda 2-0. Watoto wetu walinuna na wazee wakacheka.

Tumeona vema kuieleza historia ya timu hii, kwa kuwa imebeba funzo lisilohusu mpira peke yake. Mara kwa mara majaliwa yake yameamuliwa na cheti cha kuzaliwa kabla hayajaamuliwa na miguu ya wachezaji.

MLANGO ULIOFUNGWA, MLANGO ULIOFUNGULIWA

Mwaka 2005 fainali za Afrika za umri huo zilifanyika Gambia. Serengeti Boys walikuwa wamekwisha kufuzu, na nchi nzima ilikuwa ikiwasubiri wapande ndege. Badala yake Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, liliwaengua kwa kosa la kumchezesha kijana aliyezidi umri. Kosa lilihusu mchezaji mmoja, lakini safari ilivunjika kwa kikosi kizima, wakiwamo vijana ambao miaka yao ilikuwa halali kabisa.

Ikapita miaka kumi na zaidi. Baada ya kuitoa Afrika Kusini mwaka 2016, Tanzania ilikutana na Kongo ya Brazzaville katika hatua ya mwisho ya kufuzu. Ilishinda 3-2 nyumbani ikafungwa 1-0 ugenini, na kwa kanuni ya mabao ya ugenini ikatolewa. Hapo Tanzania ikawasilisha malalamiko kwamba mchezaji mmoja wa Kongo alikuwa amezidi umri. CAF iliagiza kijana huyo apelekwe Cairo akapimwe. Hakufika. Mapema mwaka 2017 Kongo ikaondolewa na nafasi ikarudi kwa Serengeti Boys. Hivyo sheria ile ile iliyowafungia mlango mwaka 2005 ndiyo iliyowafungulia mwaka 2017.

Fainali hizo zilikuwa zimepangwa kuchezwa Madagaska, zikahamishiwa Gabon. Vijana wa kocha Bakari Shime walianza kwa suluhu ya 0-0 na Mali, ambao ndio waliotwaa ubingwa mwishoni. Wakaifunga Angola 2-1. Mechi ya tatu ilikuwa na Niger, na sare ya aina yoyote ingewapeleka nusu fainali na, zaidi ya hapo, Kombe la Dunia nchini India. Wakafungwa 1-0. Timu hizo mbili zililingana kwa pointi 4, lakini Niger ndiyo iliyoshinda zilipokutana, kwa hiyo ndiyo iliyopita.

Mwaka 2018 walitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati huko Burundi kwa kuifunga Somalia 2-0 katika fainali. Mwaka 2019 Tanzania ikawa mwenyeji wa fainali za Afrika, jijini Dar es Salaam. Matumaini yalikuwa makubwa, ila matokeo yakawa machungu: Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2, zote tumefungwa. Mwaka 2025 nchini Morocco walipoteza tena mechi zote tatu. Jumla katika fainali hizo tatu ni mechi 9, ushindi 1, sare 1 na kufungwa mara 7.

Wanaotaka faraja waitazame timu ya wasichana wa umri huo, Serengeti Girls. Mwaka 2022 waliitoa Kameruni, mechi ya marudiano ikichezwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, wakaenda Kombe la Dunia huko huko India ambako kaka zao walikukosa. Kocha wao alikuwa Bakari Shime yule yule. Walifungwa na Japani 4-0, wakaishinda Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada na kufika robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa mabao 3-0.

VIJEBA

Huko kwetu mchezaji aliyepunguziwa miaka huitwa kijeba, na tusidhani vijeba ni wa nchi za wenzetu tu. Katika mashindano yale yale ya Burundi ya mwaka 2018, Zanzibar iliondolewa kwa sababu ya umri wa vijana wake. Mwaka 2019 Guinea ilifika fainali pale Dar es Salaam, kisha ikanyimwa Kombe la Dunia kwa kughushi umri wa wachezaji wawili. Kumbukumbu za mashindano waliyocheza Japani mwaka 2017 zilionyesha tarehe nyingine za kuzaliwa. Nafasi yao walipewa Senegal.

Kipimo kinachotumika ni picha ya kifundo cha mkono inayopigwa kwa mashine ya MRI. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huu nchini Nigeria mwaka 2009. Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha yake, na ukuaji unapokwisha tabaka hilo hugeuka mfupa na kuungana. Katika kifundo cha mkono ni nadra sana liwe limeungana kabisa kabla ya miaka 17. Lakini kipimo hiki hakitaji siku wala mwaka wa kuzaliwa. Yuko kijana wa miaka 18 au 19 ambaye mfupa wake haujaungana, naye atapita. Na yuko mmoja mmoja wa miaka 16 aliyewahi kukomaa, naye ataachwa bila kosa lake. Mashine husaidia tu pale ambapo ulimi umeshindwa kusema kweli.

Tujiulize basi, nani hulipa gharama ya uongo huu? Wa kwanza ni mtoto wa kweli wa miaka 16 anayebaki nyumbani kwa kuwa nafasi yake imekaliwa. Wa pili ni wenzake kijeba, kama wale wa 2005. Wa tatu ni kijeba mwenyewe. Akiwa mkubwa kati ya wadogo hushinda kwa nguvu, hana haja ya kujifunza ufundi, na akifika kwa watu wazima nguvu humwishia mapema. Kisha tarehe ile ya uongo humfuata kwenye pasipoti, kwenye cheti cha shule, kwenye ndoa na kwenye kiinua mgongo. Atawaambia nini wanawe watakapomuuliza amezaliwa lini?

KARATASI NA SISI

Uzito wa karatasi watu wa Bluff wanaujua tangu zamani. Watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walishushwa hapa Durban kuanzia mwaka 1873, wakapata makao King's Rest. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, nao wakaitwa Wazanzibari. Mwaka 1961 serikali ya ubaguzi iliwaandika kuwa Waasia wengineo, na katika miaka hiyo hiyo wakahamishwa kwenda Chatsworth. Mwandishi wa ofisini aliamua wao ni nani na wakae wapi.

Nasi tuliokuja baadaye tuna karatasi zetu. Wangapi kati yetu wameandikwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu tu karani alihitaji tarehe ya kujaza? Hilo si uongo wetu. Lakini linatuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuichezea tarehe, na ndipo jaribu linapoingia. Mtu huja kiwanjani, akamsifu kijana, kisha akamnong'oneza mzazi kwamba pakipunguzwa miaka miwili tu, milango ya vilabu itafunguka. Mzazi mwenye kodi ya nyumba iliyochelewa husikiliza. Hatuwalaumu wanaosikiliza. Tunawaomba wasikubali.

Sisi tuliofundisha na kuandika majina ya watoto katika madaftari ya shule tunawashauri yafuatayo. Mtoto akizaliwa huku, uzazi wake uandikishwe ndani ya siku 30 kama sheria ya mwaka 1992 inavyotaka. Kadi ya kliniki itunzwe, maana mara nyingi ndiyo ushahidi wa kwanza. Aliyezaliwa nyumbani, jamaa waombwe wamtafutie cheti chake mapema, kabla hakijahitajika kwa haraka. Na anayetaka kumwandikisha mwanao katika timu, mwambieni mwaka wa kweli mbele ya mtoto mwenyewe, asikie.

Hadi mwaka 2025 Serengeti Boys walikuwa hawajafika Kombe la Dunia. Tunawaombea wafike, na watakapofika tunataka tuwashangilie bila wasiwasi, tukijua kwamba kila mmoja wao ana miaka aliyoandikiwa.